Miwani isiyo na nguvu kazini: ni vazi au ni udanganyifu?

BintiKamalondo, Lubumbashi

Salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Nina swali ambalo wengine wataliona dogo, lakini limeanza kuninyima utulivu kazini, na ningependa kusikia mawazo yenu kabla sijaamua lolote.

Nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa mjini. Kazi yangu ni kupokea hati za mizigo inayoingilia Kasumbalesa, kuzilinganisha moja baada ya nyingine, kisha kuwaeleza wateja, ambao wengi ni wanaume wa umri wa baba zangu, ni karatasi gani inayokosekana na kwa nini lori lao bado limesimama mpakani. Mimi ni mfupi na sura yangu ni ya kitoto. Tangu nianze kazi, mteja akifika mezani pangu huuliza kwanza mkubwa wangu yuko wapi, au hunikabidhi bahasha yake akiniagiza niipeleke kwa "Papa wa ofisini", ilhali mwenye kuishughulikia bahasha hiyo ni mimi.

Macho yangu ni mazima. Hata hivyo, mwaka jana nilinunua miwani ya fremu nyeusi, lenzi zake hazina nguvu yoyote, nikawa naivaa kazini ili nionekane mtu mzima. Ilisaidia kweli. Wateja walianza kuniita Mama, wakawa wananisikiliza mpaka nimalize, na mkubwa wangu mwenyewe akaanza kunipa nafasi ya kuzungumza mbele ya wageni.

Wiki iliyopita niliiacha mezani nikaenda kutoa nakala ya hati. Mwenzangu mmoja akaichukua, akaivaa, akasoma nayo karatasi aliyokuwa ameishika, akaisogeza karatasi mbali na karibu, kisha akatangaza kwa sauti kwamba hiki ni kioo cha dirisha. Tangu siku hiyo naitwa Profesa, na kila anayeniita hivyo huangalia kwanza nani atacheka. Hilo naweza kulivumilia. Lililonichoma ni neno la mwenzangu mwingine, mtu ninayemheshimu, aliyeniambia kwa upole kwamba nimewadanganya wote, na kwamba anayedanganya kwa uso anaweza kudanganya kwa hati. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naona vibaya, wala sijawahi kumwambia mtu kwamba naona vibaya.

Naomba mnisaidie. Je, huu ni udanganyifu? Nikiivua sasa, sitakuwa nimekiri kosa? Na je, kuivaa kutwa nzima mbele ya kompyuta kunaweza kuyadhuru macho yaliyo mazima?

---

MamaRuashi

Mwanangu, asante kwa kueleza jambo hili bila kuzungukazunguka. Nimesimamia wafanyakazi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitakwambia ninavyoliona, ingawa sehemu ya kwanza huenda usiipende.

Mimi naona uivue. Sisemi umemwibia mtu, wala sidhani moyo wako ni wa hila. Nasema hivyo kwa sababu ya kazi unayoifanya. Katika ofisi ya forodha watu wanashinda wakitafuta kilichofichwa nyuma ya karatasi: thamani iliyopunguzwa, uzito ambao haulingani, muhuri unaotia shaka. Macho yaliyozoea kazi hiyo hayapumziki yanapomtazama mwenzao. Mwenzako yule alijijengea mwenyewe picha kwamba una tatizo la macho, na alipogundua kwamba picha yake haikuwa sahihi akaona aibu, na aibu ile akakurushia wewe. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na wewe ndiye utakayeendelea kukaa naye chumba kimoja.

Hata hivyo, usiivue kesho asubuhi kimyakimya. Ukifanya hivyo, ofisi nzima itasema amebanwa. Mweleze kwanza mkubwa wako, kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini uliinunua. Na hapo ndipo ninapotaka ukae kwa muda, kwa sababu mkubwa wako naye ana sehemu yake katika habari hii. Mteja anayemruka mfanyakazi mezani na kwenda kumtafuta "Papa wa ofisini" hajui utaratibu wa ofisi, na mwenye wajibu wa kumfundisha ni yule Papa. Amwambie mteja waziwazi: hati zako ziko mikononi mwa Mama huyu, mimi sizigusi, mzungumze naye. Akirudishiwa mezani kwako kila anapokuja, atazoea. Nimeona wasichana wengi wakihangaika na mavazi, na sauti, na viatu virefu, kutengeneza heshima ambayo mkubwa wao angewapa kwa sentensi moja mbele ya mteja, naye hakuitamka.

---

FundiWaLenzi

Mama, kwa heshima zote nakupinga katika lile la kwanza, ingawa la mkubwa wake naliunga mkono kabisa. Mimi kazi yangu ni kukata lenzi na kuzipachika kwenye fremu, katika duka la miwani hapa hapa Lubumbashi, na watu wanaoagiza miwani isiyo na nguvu ni sehemu ya wateja wetu kama walivyo wengine. Wanakuja mawakili vijana, wachungaji, watangazaji, wanafunzi wanaojiandaa kwa mahojiano ya kazi. Sioni tofauti kati yao na mtu anayefunga tai. Tai haizuii baridi wala haishikilii suruali, na hakuna anayemwita mwenye kuifunga mwongo. Nchi yetu inalijua hili kuliko nyingi, kwa maana katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku suti na tai, watu wakavaa abakosti, yaani koti lisilovaliwa na tai, na baadaye tai zikarudi; wakati huo wote kila mtu alielewa kwamba vazi linasema kitu kuhusu namna mtu anavyotaka kupokelewa.

Na kwa nini miwani hasa? Tazama picha za Patrice Lumumba za mwaka 1960 huko Brussels, tazama picha rasmi za Mobutu mwenyewe, na fremu yake nzito chini ya kofia ya chui. Kwa wazazi wetu, mwenye miwani alikuwa mtu aliyesoma. Mteja anayekuita Mama baada ya kuona fremu nyeusi amerithi mazoea hayo.

Sasa nije kwenye macho, maana hapa kuna mambo ya kujua. Lenzi ambayo kweli haina nguvu haiwezi kuliharibu jicho zima, uivae saa moja au kutwa. Hatari iko kwingine. Sokoni, pale mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi na penginepo, miwani ya kusomea ya wazee inauzwa pamoja na miwani ya urembo, fremu zinafanana, na kibandiko cha namba mara nyingi kimeshabanduka. Kijana mwenye macho mazima akinunua lenzi ya +1.50 bila kujua, ataona vizuri mpaka kama sentimita 67 tu kutoka usoni; karatasi iliyo mkononi itaonekana safi, lakini mteja aliyesimama ng'ambo ya meza atakuwa na ukungu, na jioni kichwa kitauma. Nimewapokea watu waliokuwa tayari wamejiandikia ugonjwa, kumbe tatizo lote lilikuwa kwenye miwani yenyewe.

Kupima ni rahisi. Inyooshe miwani mbele yako kwa urefu wa mkono, funga jicho moja, tazama kupitia lenzi moja ukingo wa mlango, kisha isogeze miwani polepole kushoto na kulia. Lenzi isiyo na nguvu inauacha ukingo pale pale. Lenzi ya kusomea huufanya ukingo ukimbilie upande wa kinyume na mkono wako, na lenzi ya mtu asiyeona mbali huufanya uufuate mkono. Pima lenzi zote mbili, maana za bei ya chini wakati mwingine hazilingani.

Ujue pia kwamba mwenzako hakuhitaji kuivaa ili agundue. Ukimtazama kwa pembeni kidogo mtu mwenye lenzi za kuonea mbali, mstari wa shavu lake unakatika ndani ya lenzi, unaingia ndani kuliko shavu lilivyo. Mwenye lenzi za kusomea, macho yake yanaonekana makubwa. Kwa mwenye lenzi tupu, shavu linapita moja kwa moja bila kukatika. Mtu mwangalifu anaona hilo akiwa upande wa pili wa meza, kwa hiyo siri ya namna hii haikai muda mrefu, na ushauri wangu kwa wote wanaoagiza ni ule ule: ivae, lakini usiitungie hadithi. Ukiulizwa, sema inakupendeza. Siku utakaposema macho yako yanauma, ilhali hayaumi, hapo ndipo utakuwa umedanganya.

---

MachoYaMbali

Nimesoma nikiwa na miwani usoni, kwa sababu bila hiyo nisingeweza. Nguvu yangu ni hasi 5 kwa macho yote mawili, yaani kitu kikizidi sentimita 20 kutoka usoni kinaanza kupoteza umbo. Nilisoma shule ya msingi nikinakili kutoka daftari la jirani, kwa kuwa ubao sikuuona, na mwalimu aliniona mvivu. Kwa hiyo, dada yangu, naelewa kwa nini baadhi ya watu wenye miwani ya lazima wanakereka wakiona mwenye macho mazima anaivaa kwa hiari. Mimi sikereki. Watoto wanaocheka wenzao wenye miwani watacheka kidogo zaidi kila wanapoona watu wazima wakiivaa kwa kupenda.

Nachangia kwa sababu jambo unalolieleza limechunguzwa zamani. Mwaka 1944 mtafiti wa Marekani, G. R. Thornton, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoonwa kwa muda mfupi wakiwa wamevaa miwani huhukumiwa kuwa na akili zaidi na bidii zaidi kuliko watu hao hao wasipoivaa. Hilo ndilo lililokutokea mezani. Lakini mwaka 1971 Michael Argyle na Robert McHenry, huko Uingereza, walilirudia swali hilo kwa namna nyingine. Waliowaona watu kwa sekunde 15 tu waliwapa wenye miwani alama za juu zaidi za akili. Waliowaona watu hao wakizungumza kwa dakika tano hawakuwapa nyongeza yoyote. Maneno yalikuwa yameshafuta kazi ya fremu.

Hebu liweke hilo kwenye meza yako. Mteja anayefika mara ya kwanza anakupa zile sekunde 15, na miwani inakusaidia kuzivuka. Ukishaanza kumweleza kwamba cheti cha asili ya mzigo hakilingani na ankara, na kwamba ndiyo maana lori halijasogea, miwani haifanyi tena lolote. Anakusikiliza kwa sababu unajua. Wateja wako wa kila wiki wamepita dakika tano zamani sana. Naamini kwa dhati kwamba ukiivua leo, hao hawatarudi kumtafuta Papa wa ofisini. Hivyo basi uamuzi wako hauna uzito mkubwa kama unavyouhisi: ukiivaa hudanganyi, ukiivua hupotezi.

Kuhusu yule aliyekwambia kwamba anayedanganya kwa uso atadanganya kwa hati, mjibu kwa hati. Mwombe akuonyeshe faili moja uliyoipeleka na kasoro.

---

DadaWaLikasi

Nina neno moja fupi kwa Mama wa Ruashi, kwa heshima. Kijana wa kiume akivaa koti la rangi tatu, fimbo mkononi na miwani isiyo na lenzi kabisa, tunamwita msapeur na tunampiga picha. Mwanamuziki Papa Wemba aliipeleka sifa hiyo ya nguo duniani kote na taifa zima lilijivunia. Msichana wa forodha akivaa fremu moja nyeusi ili asikilizwe, tunaitisha mahakama.

Na wala si hapa tu. Mwaka 2019 wanawake wa Japani walilalamika hadharani kwamba baadhi ya sehemu za kazi zinawakataza kuvaa miwani, hata wale wanaoihitaji, kwa madai kwamba inawafanya waonekane wakali au wasiovutia mbele ya wateja, ilhali wanaume waliokuwa wakifanya kazi hiyo hiyo hawakuguswa. Kule wanaambiwa waivue, hapa tunamwambia huyu aivue, na kila mara sababu ni namna anavyoonekana na wengine. Dada yangu, kama inakusaidia kufanya kazi yako vizuri, usiivue kwa sababu ya mtu aliyevaa kitu cha mwenzake bila kuomba ruhusa.

---

UsalamaMgodini

Naongeza la upande wangu, kwa kuwa wengi wanaosoma hapa wanafanya kazi au wanatembelea migodi na viwanda. Miwani ya urembo, hata ikiwa na lenzi nene, haikulindi. Nimewazuia langoni wafanyakazi wa ofisini waliokuja kukagua mzigo wakiamini kwamba fremu waliyovaa inatosha. Miwani ya usalama ya kipimo cha Ulaya cha EN 166 huandikwa namba hiyo kwenye fremu, na lenzi yenye herufi F imejaribiwa kwa kurushiwa kigololi cha chuma cha milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Lenzi yako ya dukani haijapitia jaribio la namna hiyo, na ikipasuka, vipande vinaelekea kwenye jicho. Ukiingia eneo la kazi, vua hiyo, vaa ya usalama. Mwenye miwani ya lazima avae ya usalama inayokaa juu yake.

---

MamaRuashi

Binti yangu wa Likasi, umenigusa, na sitabishana na ulilosema kuhusu wasapeur, kwa kuwa ni kweli. Ninachokilinda ni utulivu wa huyu mtoto mahali pake pa kazi, na nimeona jina la utani likimfuata mtu mpaka kwenye barua ya kupandishwa cheo. Lakini Fundi na Macho ya Mbali wamenisadikisha katika jambo moja: ubaya ungeanzia kwenye hadithi ya uongo, na yeye hakuitunga. Basi nabakiza ushauri wangu wa pili na kuuwekea mkazo: azungumze na mkubwa wake, avae au asivae. Na aliyechukua kitu mezani mwa mwenzake bila ruhusa naye aambiwe, na mkubwa huyo huyo, kwamba hapo ndipo utovu wa adabu ulipoanzia.

---

BintiKamalondo, Lubumbashi

Nawashukuru nyote kwa kunichukulia kwa uzito. Nimepima kwa ukingo wa mlango kama Papa Fundi alivyoeleza, na ukingo haukusogea katika lenzi zote mbili, kwa hiyo kwa upande huo nimetulia.

Nimezungumza pia na mkubwa wangu. Nilimweleza habari ya wateja wanaoniruka, naye akasema hakuwa ameitambua, kwa sababu kila anayemfikia yeye huja akiwa na swali lililokwisha kupangwa vizuri. Siku hiyo hiyo mteja mmoja alipoingia moja kwa moja chumbani kwake, alitoka naye, akamleta mezani pangu na kumwambia kwamba hati zake zinasimamiwa na mimi. Yule mwenzangu wa hati nimemkaribisha achague faili yoyote. Alichagua moja, akaipitia, akairudisha, na hakusema kitu.

Nimeamua kuivaa siku ninazopokea wateja wapya, na kuiacha kwenye droo siku za kazi za ndani. Limebaki swali moja la kiufundi. Taa za ofisini zinang'aa sana juu ya lenzi, mpaka mteja aliniambia haoni macho yangu ninapozungumza naye. Muuzaji mmoja ananishawishi nibadilishe niweke lenzi za kuzuia mwanga wa bluu wa kompyuta, kwa bei ya juu, akidai zitaondoa mng'ao na pia kuyalinda macho yangu. Je, inafaa?

---

FundiWaLenzi

Usilipe kwa ajili ya mwanga wa bluu. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, yalionyesha kwamba lenzi hizo huenda zisipunguze uchovu wa macho kwa mtumiaji wa kompyuta kuliko lenzi za kawaida, na chama cha madaktari wa macho wa Marekani hakipendekezi miwani maalumu kwa ajili ya kompyuta. Macho yanachoka mbele ya skrini hasa kwa sababu tunapunguza kupepesa: kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, na mbele ya skrini idadi hiyo inaweza kushuka hadi nusu au chini yake, jicho likakauka. Kila dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi.

Mng'ao ni jambo jingine, na hilo lina dawa. Plastiki ya kawaida inarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila upande wa lenzi, ndiyo maana mteja anaona taa badala ya macho yako. Omba lenzi tupu zenye utando wa kuzuia mng'ao pande zote mbili. Utando mzuri unaushusha mwanga huo chini ya asilimia 1 kwa kila upande. Kabla ya kulipa, iweke miwani chini ya taa ya duka na utazame taa inavyojirudisha juu ya lenzi. Ikiwa ni hafifu na ina rangi ya kijani au zambarau, utando upo. Ikiwa ni nyeupe na kali kama taa yenyewe, haupo, hata muuzaji akisema nini.

Na kwa kuwa kiangazi kinakuja na vumbi lake jekundu, usiifute lenzi ikiwa kavu kwa upindo wa nguo. Imwagie maji kwanza, tia tone la sabuni ya vyombo, suuza, ndipo uifute kwa kitambaa laini. Utando ukishachubuliwa na vumbi haurekebishiki, itakubidi kubadilisha lenzi zote mbili.